Verlon Alivyouza Kifo Chake

Verlon Stubblefield alipobisha mlango wangu wa wavu sikumtambua. Nilidhani ni mmoja wa wale wanaopita nyumba hadi nyumba wakiuza Biblia. Mkanda wake ulikuwa umetobolewa tundu jipya kwa msumari, na shingo ilikuwa ikicheza ndani ya kola. Kisha akavua kofia akaishika kwa mikono miwili mbele ya tumbo, nikamjua. Hapa mjini Tolliver hakuna mwanamume mwingine anayeshika kofia namna ile, kama mtu aliyebeba bakuli la supu na anaogopa kulimwaga.

"Leta," akaniita, kama zamani.

Nikamwambia jina langu ni Oleta, na kama amefuata vitu vilivyobaki jikoni, amechelewa.

Hakutaka kuingia ndani. Tulikaa barazani, yeye kwenye kiti cha chuma, mimi kwenye bembea. Akaniambia ana ukimwi, jambo ambalo mji mzima ulikuwa ukilijua, na kwamba daktari wake wa mjini Beaumont amempa mwaka mmoja, labda na miezi kadhaa. Halafu akasema anataka kuuza bima yake ya maisha.

Nilijua mtu huuza gari, ng'ombe, hata shamba la babu yake. Bima ya maisha nilijua ni kitu kinacholipa ukishafukiwa. Verlon akanieleza taratibu, kama alivyokuwa akinieleza zamani kwa nini bomba la maji limepasuka. Kuna kampuni inayotafuta watu waliokaribia kufa. Inampa mgonjwa leo sehemu ya fedha ambazo bima ingelipa baadaye. Kuanzia hapo kampuni ndiyo inayolipa ada, na siku mgonjwa akifa, fedha zote zinakwenda kwa wale waliomnunua. Akifa mapema, wamepata faida nono. Akikawia, faida inayeyuka.

"Kwa hiyo kuna watu watakuwa wanakuombea ufe."

"Sidhani kama wanaomba. Wanasubiri tu."

"Mimi nimesubiri miaka minane, tangu uniache, na hakuna aliyenilipa."

Akainamisha kichwa, mabega yakatikisika, mkono ukaenda mdomoni. Hivyo ndivyo Verlon alivyocheka maisha yake yote.

Tatizo lake lilikuwa mimi. Tulipoachana, jaji aliniachia nyumba hii, ambayo hata wakati ule paa lake lilikuwa linavuja, na badala ya kunipa matunzo akaamuru bima ya Verlon ya kazini ibaki kwa jina langu mpaka atakapokufa. Ndiyo iliyokuwa akiba yangu ya uzeeni. Mimi niliacha shule nikiwa msichana mdogo na nimepika katika jiko la shule ya hapa mjini tangu wakati huo. Mpishi wa shule hastaafu na kitu cha maana. Bila saini yangu Verlon hakuwa na cha kuuza.

Akasema tutagawana. Nikamwambia kugawana tutazungumza baadaye, kwanza aniambie anataka hizo fedha za nini.

"Za matumizi."

"Matumizi gani?"

Akatazama barabara, ambako hakukuwa na kitu zaidi ya mbwa wa jirani. "Nikikwambia utanicheka."

"Basi rudi siku utakapokuwa tayari kuchekwa," nikasema, nikaingia ndani nikafunga mlango.

Lakini swali lile lilibaki nami. Nilikuwa nakoroga viazi vya watoto wa shule huku najiuliza. Mtu aliyebakiza mwaka mmoja anataka kununua nini?

Verlon hakuwahi kuwa mtu wa kutaka vitu. Alizaliwa katika kibanda cha wakata mbao, mtoto wa katikati kati ya watoto ambao mama yao hakuwa na muda wa kuwatazama, wakilelewa kwa mkate wa mahindi na sharubati ya miwa. Aliajiriwa na idara ya maji ya mji akiwa kijana, na huko ndiko alikozeekea. Alitambaa chini ya nyumba za watu, kwenye tope na buibui, na kila mwenye nyumba alimpenda kwa sababu hakuongea. Jumamosi alisafisha mfereji wa mama yangu bila kuombwa. Alinunua suruali ya aina moja, rangi moja, mwaka baada ya mwaka. Katika picha ya harusi yetu mimi nimekenua mpaka fizi zinaonekana, naye amefumba midomo kama mtu anayepigwa sindano. Nilikuwa nikipika mahindi mabichi, namkwangulia punje kwenye gunzi kwa kisu na kumwekea siagi, naye anakula kwa kijiko. Nilifanya hivyo miaka kumi na tisa, sikuona ajabu. Meno yake yalikuwa mabovu tangu utotoni, basi. Kuna wanaume walevi, wengine wanapiga wake zao, na wangu nilimkwangulia mahindi.

Mungu hakutujalia watoto.

Aliondoka siku ya Jumapili nilipokuwa kanisani. Alikwenda kuishi na Dale, mwanamume aliyekuwa akitengeneza piano za makanisa yote ya wilaya, likiwemo letu. Nilikuwa nimeimba kwa piano ile asubuhi ileile. Wiki hiyo wanawake wa kanisa waliniletea vyakula, kila bakuli limebandikwa utepe chini wenye jina la mwenyewe, kama tunavyopeleka kwenye nyumba yenye msiba. Walikaa sebuleni kwangu wakila keki waliyoileta wao, wakiniuliza kwa sauti ya huruma kama kweli sikujua. Niliosha kila bakuli nikalirudisha. Miaka kadhaa baadaye Dale alipougua, ikanibidi niende kupimwa damu, na muuguzi aliyenihudumia alivaa glavu mbili, moja juu ya nyingine. Sikuwa na ugonjwa. Lakini zile glavu nimezikumbuka kuliko jibu.

Kwa hiyo sikuwa na deni kwa Verlon. Nilichokuwa nacho ni udadisi, na udadisi wangu haujawahi kunipa usingizi mzuri.

Kwanza nilipiga simu kwa kampuni. Mwanamume mwenye sauti ya mchungaji akapokea, akaniita mama, akanishukuru kwa kupiga. Nilimuuliza ni watu gani wanaonunua. Nilitaka kujua sura zao. Akasema ni watu wa kawaida tu wenye akiba kidogo, wakulima, walimu waliostaafu, madaktari wa meno. Nikauliza kama wanaambiwa jina la mgonjwa. Akasema jambo hilo linashughulikiwa kwa heshima kubwa. Nikauliza kama wanaweza kuja kumtazama, maana mimi hata kuku sinunui bila kumtazama. Akacheka, kisha akauliza kama ninakusudia kutia saini.

Halafu nikaamua kumtembelea Verlon mwenyewe. Kwetu huendi kwa mgonjwa mikono mitupu, hata kama mgonjwa ni yule. Nilikaanga kuku, nikachemsha kunde na bamia, na nikachemsha mahindi. Nilikuwa nimeshashika kisu cha kukwangulia ndipo nilipojistukia. Nikakirudisha kisu kwenye droo. Nikayapanga mahindi mazimamazima juu ya sahani, nikabandika jina langu chini ya kila chombo, nikawasha gari.

Alikuwa anaishi katika nyumba ya bati yenye magurudumu nyuma ya kiwanda cha karatasi. Nilitarajia uchafu, nikakuta sakafu imepigwa deki. Piano ya marehemu Dale ilijaza nusu ya chumba, na juu yake palikuwa na chupa za dawa. Jikoni nilifungua friji bila kuomba ruhusa. Ndani mlikuwa na maziwa, uji wa shayiri na vikopo vya pichi laini.

Alinikaribisha mezani kama mgeni rasmi. Nilimsukumia sahani ya mahindi. Aliyatazama, akanitazama mimi, akaelewa kabisa nilichokusudia. Akainuka, akaleta kisu, akaanza kukwangua. Punje zikaruka mpaka sakafuni.

"Dale alikuwa anakukwangulia?" nikauliza.

"Ndiyo."

"Vizuri?"

"Alikuwa anaacha nusu kwenye gunzi. Wewe ulikuwa unafika mpaka chini."

Sijui kwa nini jambo hilo lilinifurahisha. Nilimnyang'anya kisu, nikamalizia mwenyewe, maana sipendi chakula kiharibike.

Alipokula kidogo akaweka kijiko chini. "Nataka meno," akasema.

"Meno?"

"Ya bandia. Haya yote yang'olewe, niwekewe mapya, juu na chini."

Nilicheka. Nilijizuia nikashindwa. Nilicheka mpaka nikashika meza, naye akakaa akinisubiri, kwa sababu alikuwa ameniambia kwamba nitamcheka.

"Verlon, wewe unakufa."

"Najua."

"Meno yatakudumu kuliko wewe."

"Najua, Leta."

Kidogo kidogo akanieleza. Yalikuwa yakimuuma usiku na mchana tangu alipougua, na hakuweza kula kitu kinachompa nguvu. Alikwenda kwa daktari wa meno wa hapa hapa, mtu ambaye Verlon alitambaa chini ya nyumba yake akatoa panya aliyekufa kwenye bomba. Daktari alipofika kwenye swali la ugonjwa, akainuka, akamwambia hawezi, lazima afikirie wateja wengine. Hakumpa hata mkono. Kuna mwingine Houston anayekubali wagonjwa wa namna yake, ila ni mbali, na anataka kulipwa fedha taslimu. Kodi ya nyumba pia anadaiwa, dawa nazo. Lakini kodi na dawa angezitafutia njia nyingine. Meno hayakuwa na njia nyingine.

"Ungesema meno tangu siku ile barazani," nikamwambia.

"Ningesemaje? Nimekuacha wewe, mwanamke mzuri, bila hata kukuaga, halafu nakuja kukuomba meno?"

Hilo la mwanamke mzuri nililiacha lipite. Nilimuuliza swali lililokuwa linanikereketa. Kwa nini sasa? Amekaa nayo hayo mabovu maisha yake yote.

Alifikiri. "Nataka niume kitu," akasema. "Nataka nishike hindi kwa mikono miwili, niume, kama mtu."

Ningeweza kutia saini pale pale. Sikutia. Verlon alikuwa amepata kila alichokitaka kwangu bila kulipia, na mimi nilikuwa na kitu changu nilichokitaka.

Kitu chenyewe kilikuwa jiwe. Tulipokuwa bado mke na mume tulinunua mahali pa kuzikwa nyuma ya kanisa, na jiwe moja pana la watu wawili, kama wanavyofanya wanandoa wote hapa. Liliandikwa STUBBLEFIELD juu, chini yake VERLON upande mmoja na OLETA upande wa pili, na mwaka wa kuzaliwa wa kila mmoja, ukabaki mwaka wa mwisho tu. Kati ya majina kuna pete mbili zilizoshikana. Kila mwezi wa Mei waumini wote hukusanyika kusafisha makaburi na kula pamoja chini ya misonobari, na kila Mei nilipiga magoti nikisugua kuvu kwenye pete zile huku watu wakijifanya wanatazama kuku wa kukaanga. Niliwahi kufikiria kulivunja kwa nyundo. Lakini jiwe limelipiwa, na hata mimi nitahitaji jiwe.

"Jina lako litoke kwenye jiwe langu," nikamwambia Verlon. "Likitoka, natia saini."

Akakubali kabla sijamaliza. Akasema yeye atazikwa karibu na Dale, kwenye makaburi ya wilaya, wameshamuahidi.

Tulikwenda pamoja kwa Mzee Krenek, fundi wa mawe, kwa gari langu, Verlon akiwa amejifunika blanketi wakati nje kulikuwa na joto la kuyeyusha lami. Mzee Krenek ndiye aliyelichonga jiwe letu na alilikumbuka. Alitufuata hadi makaburini kwa pikapu yake, akalizunguka, akapitisha kidole gumba kwenye herufi.

"Jina halifutiki, Bi Oleta," akasema. "Likichongwa limechongwa. Nikitaka kulitoa, lazima niparue uso wote mpaka nikipite kina cha herufi, na lako litaondoka nalo. Litabaki jembamba kama kigae."

"Huwezi kuziba?"

"Naweza. Baada ya mvua mbili kiraka kitabadilika rangi, na kila mtu atamsoma Verlon vizuri kuliko sasa."

Nilihisi machozi ya hasira yakinijia, na mimi si mtu wa kulia mbele ya wanaume. Karatasi za bima zilikuwa kwenye mkoba, bado sijazitia saini. Nilikuwa nimeshaanza kuifunga zipu. Verlon aliiona ile zipu. Yeye, aliyeketi juu ya kaburi la jirani kwa kukosa nguvu, akauliza, "Nyuma kukoje?"

Mzee Krenek akazunguka nyuma. Kulikuwa kweupe, kumesuguliwa, hakuna hata mkwaruzo. Kaburi liko mstari wa mwisho. Nyuma yake kuna uzio wa waya na msitu wa mtu.

"Ligeuzwe," Verlon akasema. "Mbele awe peke yake. Mimi nitazame msitu."

Mzee Krenek alivua kofia akajikuna. Akasema amechonga mawe tangu utoto wake na hajawahi kuombwa kumgeuza mume. Verlon akaanza kucheka, mkono mdomoni, mabega juu chini, mpaka kikohozi kikamshika, nami nikampigapiga mgongoni kabla sijakumbuka kuwa sitaki kumgusa.

Nilitia saini juu ya boneti ya pikapu, Mzee Krenek akiwa shahidi. Nikamwambia fundi kwamba kwenye uso mpya aandike jina nililozaliwa nalo, Oleta Mayhew, na asichonge pete wala ua. Fedha zilipokuja tuligawana. Sehemu yangu ilikwenda kwenye paa, nayo ilikuwa ndogo kuliko nilivyokuwa nimejiwekea matumaini. Yake ilikwenda Houston. Aling'olewa meno yote, akakaa wiki kadhaa akiwa na mashavu yaliyobonyea kama kibibi, kisha akavishwa mapya. Ni makubwa mno kwake. Mara ya kwanza alipoyaonyesha nilidhani farasi ameingia barazani. Nilimwambia hivyo, akafurahi.

Kampuni ilimtaka ataje mtu wa kuulizwa mara kwa mara kama bado yu hai. Mama yake amekufa, Dale amekufa, ndugu zake hawapokei simu. Akaandika jina langu, hakuniuliza. Kwa hiyo simu ikaanza kulia kwangu kila baada ya miezi michache. Anayepiga ni msichana anayeitwa Kristi, sauti yake tamu kupita kiasi. Huuliza Bwana Stubblefield anaendeleaje. Mara ya kwanza nilisema sijui, mimi si mlinzi wake. Lakini kusema sijui kulinikera, kwa hiyo kabla ya simu inayofuata nilikwenda kumtazama, ili nijue. Ikawa desturi. Nampelekea chakula, namtazama rangi ya macho, narudi kusubiri swali.

Nimelifikiria sana jambo lile. Mimi nilikuwa na haki ya kumtakia kifo. Niliipata kwa njia ngumu. Hao wengine waliinunua, na hawajui hata kwamba anakula kwa pande mbili za mdomo kwa zamu ili meno mapya yasichakae upande mmoja. Wakati mwingine nawaza labda mmoja wao ni daktari wetu wa meno, anayeketi katika kliniki yake akihesabu miezi ya mdomo alioukataa. Sitajua kamwe. Kristi hasemi, na nimemuuliza.

Mwaka ule ambao Verlon angepaswa kuwa amekwisha, zilitoka dawa mpya. Akazimeza kwa wingi, zikamtapisha, kisha zikamuinua. Lile tundu la msumari kwenye mkanda halina kazi tena. Amerudi kusafisha mifereji ya wajane, na bado anashika kofia vilevile. Sijamsamehe, naye haulizi. Kwenye siku ya makaburi alikuja akasugua kuvu upande wake wa jiwe, kule kwenye uzio, mimi nikasugua wangu, na kati yetu palikuwa na jiwe.

Kiangazi hiki Kristi alipiga nikiwa barazani, waya wa simu umevutwa kupitia dirishani. Verlon alikuwa kwenye kiti cha chuma. Kristi akauliza maswali yake, mimi nikajibu ndiyo na hapana. Kisha, kwa sauti ya chini kidogo, akauliza mimi binafsi naionaje hali yake.

"Anakula hindi," nikasema.

Kristi akauliza, "La kukwanguliwa, mama?"

Nilikuwa nimemsimulia wakati fulani. "La kwenye gunzi," nikamwambia. "Ni la tatu."

Nilisikia vidole vyake vikigonga mashine, akiandika. Verlon akageuka, siagi imemfika kidevuni, akauliza ni nani.

"Wenye kifo chako."

"Wasalimie," akasema, akacheka. Mikono yote miwili ilikuwa imeshika hindi, kwa hiyo meno yote yakaonekana.

Nikawasalimia.